Marina Ikipangwa Kwenye Mikoko: Mwongozo Kamili wa Kuupinga Mradi kwa Wakazi wa Mombasa

Mabati yakishazungushwa ufukweni na mtambo wa kuchimba bahari ukishatia nanga, mkazi anayeanza kupinga siku hiyo amechelewa miezi mingi. Leseni ilishatolewa, muda wa maoni ulishapita, na huenda jina lake limo kwenye kiambatisho cha ripoti, akihesabiwa miongoni mwa watu walioshirikishwa. Ndiyo maana mwongozo huu unashughulika na karatasi na tarehe kuliko mabango. Maandamano yana nafasi yake, lakini marina, yaani bandari ya kuegesha boti, ndani ya mikoko ya hori ya Tudor, Port Reitz au Mtwapa huzuiwa mapema, na kikundi chenye faili iliyopangwa na mtu mmoja asiyesahau siku.

Jueni eneo linalindwa na sheria ipi

Kusema "hapa ni hifadhi" hakutoshi. Afisa atauliza hifadhi gani, ya nani, kwa sheria ipi, na mkibabaika mmeshapoteza nusu ya hoja. Sehemu moja ya ufukwe wa Mombasa inaweza kuwa chini ya sheria tatu au nne kwa pamoja, kwa hiyo chukueni ramani mzigawe eneo vipande.

Mikoko ni msitu wa serikali. Ilitangazwa hivyo tangu mwaka 1932, na leo iko mikononi mwa Shirika la Huduma za Misitu, KFS, chini ya sheria ya misitu ya mwaka 2016. Mpaka wa msitu wa umma haubadilishwi kwa barua ya ofisi. Sharti ombi lifike Bungeni. Mlango wa pembeni ni leseni ya matumizi maalumu ndani ya msitu. Waulizeni KFS kwa maandishi kama kuna aliyeiomba kwa eneo lenu.

Upande wa bahari kuna Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyoanzishwa mwaka 1986 na kusimamiwa na Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS. Eneo la ndani kabisa, ambako uvuvi umekatazwa, ni kilomita 10 za mraba. Linalolizunguka, ambako uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa, ni kama kilomita 200 za mraba. Sehemu yoyote ya gati au njia ya boti ikiingia humo, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inahusika.

Halafu kuna ukanda ambao maji yakijaa unafunikwa na yakipwa unaonekana. Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema ardhi yote iliyo kati ya mstari wa maji kujaa na mstari wa maji kupwa ni ardhi ya umma. Mtu akija na hatimiliki inayovuka mstari huo, hoja ya kwanza si mazingira, ni uhalali wa hati yenyewe. Fanyeni upekuzi rasmi wa kiwanja kwenye sajili ya ardhi, mpate jina la mwenye hati, ukubwa na masharti yake. Kisha mfuateni mpima ardhi aliyesajiliwa awawekee mstari wa maji makuu ya bamvu, pale maji yanapofika yakijaa kabisa, juu ya ramani ya kiwanja. Ni gharama, lakini ramani hiyo moja huzima maneno mengi.

Juu ya yote kuna sheria ya mazingira ya mwaka 1999, EMCA. Kifungu chake cha 42 kinakataza kujenga, kuchimba au kukausha sehemu ya bahari au ardhioevu bila idhini, na kanuni za mwaka 2009 kuhusu ardhioevu na fukwe zinafafanua zaidi.

Msiandike kwamba hori yenu ni eneo la Ramsar, yaani ardhioevu iliyo kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa. Kwenye pwani yote ya Kenya, eneo lililo kwenye orodha hiyo ni Delta ya Tana, tangu 2012. Mikoko ya Mombasa ina ulinzi wa kutosha kwenye sheria za nchi. Dai moja la uongo kwenye barua yenu litasomwa kwa sauti na wakili wa upande wa pili, na yale ya kweli yataonekana ya uongo pia.

Mtu mmoja wa kufuatilia ilani

Mradi mkubwa unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya leseni. Ripoti ikishapelekwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira inayotoa leseni hiyo, ilani hutolewa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na kwenye gazeti la kawaida kwa wiki mbili mfululizo, na hutakiwa kutangazwa redioni. Ilani hutaja mradi, mahali, athari zinazotarajiwa, ofisi ambako ripoti inaweza kusomwa, na siku za kutoa maoni, ambazo kwa kawaida ni 30. Gazeti Rasmi hutoka Ijumaa na linasomwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Mchagueni kijana mmoja, kila Ijumaa jioni atafute maneno "Mombasa", "Kilifi" na jina la mtaa wenu. Kilifi hamtaiacha ikiwa mnaishi Shanzu au Utange, maana hori ya Mtwapa ina kaunti mbili kingo zake.

Kuna ujanja mmoja wa kuangalia. Miradi hupangwa kwa viwango vya hatari: ndogo, wastani na kubwa. Ikiingizwa kwenye viwango vya chini, inaweza kupita kwa ripoti fupi bila ilani ile kubwa. Basi marina haiji ikiitwa marina. Inakuja kama gati dogo la boti, mwakani ukuta wa kuzuia mmomonyoko, kisha mgahawa, kisha "upanuzi". Mkiona kibao cha gati dogo mahali ambapo hapana mvuvi aliyeliomba, andikieni NEMA mkiuliza mradi mzima ni upi na kwa nini umekatwa vipande.

Itisheni nyaraka, kwa Kiswahili mkitaka

Sheria ya upatikanaji wa habari ya mwaka 2016 inaruhusu ombi kuandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, na ofisi ya umma inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Msiandike "tunaomba taarifa zote kuhusu mradi". Ombi pana hupata jibu jembamba. Orodhesheni: ripoti kamili ya tathmini pamoja na viambatisho, maoni ya KFS, KWS na Shirika la Uvuvi yaliyopelekwa NEMA, kumbukumbu za mikutano na orodha za mahudhurio, ombi la kibali cha ujenzi lililopelekwa kaunti, na barua yoyote ya Mamlaka ya Bandari au Mamlaka ya Usafiri wa Majini kuhusu njia ya boti. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, mrudi nayo. Wakikaa kimya au wakikataa, malalamiko huenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama ofisi ya Ombudsman, ndani ya siku 30.

Kuisoma ripoti

Ripoti ya namna hii ina kurasa mamia na imeandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu. Lazima iwe na muhtasari wa lugha nyepesi. Anzieni hapo, halafu ruka moja kwa moja hadi viambatisho. Huko ndiko ukweli hujificha. Gawaneni kurasa: mwalimu, mvuvi mzoefu, mwanafunzi wa chuo, mama anayeokota kaa. Mvuvi asiyesoma Kiingereza asomewe, kwa sababu yeye ndiye atakayejua palipoandikwa upuuzi.

Swali la kwanza ni msimu. Utafiti ulifanywa lini? Kusi likivuma, bahari ya nje huchafuka na mitumbwi midogo hurudi kutega ndani ya hori. Kaskazi ikitulia, wengi hutoka nje ya mwamba. Aliyehesabu wavuvi wa Tudor mwezi wa Januari ataandika kwamba hori haina kazi kubwa, na atakuwa hakudanganya, ila alikuja wakati wenyewe hawapo. Tafuteni tarehe za kila safari ya utafiti. Kama hakuna data ya kusi, andikeni hivyo waziwazi: ripoti haijapima miezi ambayo familia zinaitegemea hori zaidi. Sijaona hoja inayoeleweka haraka na afisa wa Pwani kama hii, maana hata yeye anajua kusi ni nini.

Pili, udongo. Marina inahitaji kina, na kina kinachimbwa. Tope litakalotolewa litamwagwa wapi, na ni mita ngapi za ujazo? Je, uchimbaji ni wa mara moja au utarudiwa kila tope likijaa tena? Mchu na mlilana, aina mbili za mikoko, hupumua kwa mizizi inayochomoza juu ya tope; ukiizika, mti hufa ukiwa umesimama. Halihitaji kubahatishwa. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha tope hadi hori ya Mwache, na maeneo makubwa ya mikoko yakakauka. Kama ripoti inasema tope la mtambo "litatawanyika", itakiwe ionyeshe ramani ya mikondo, maji yakijaa na yakipwa, bamvu na maji mafu.

Tatu, maji machafu ya boti, mafuta, na rangi za kuzuia viumbe kushika chini ya boti. Nyingi zina shaba, ambayo ni sumu kwa chaza na mabuu ya kamba. Hori ni mfuko wenye mdomo mwembamba, maji yake hayabadiliki upesi kama ya bahari wazi.

Nne, mahali mbadala. Kanuni za tathmini za mwaka 2003 zinataka ripoti ichambue njia nyingine, pamoja na eneo jingine la mradi. Aya mbili zinazosema "maeneo mengine hayakufaa" si uchambuzi. Ulizeni maeneo gani, nani aliyapima, na kwa nini nafasi zilizopo tayari za kuegesha boti Mombasa hazitoshi.

Mwisho tazameni nani amehesabiwa. Mara nyingi "wavuvi" ni wenye vyombo waliosajiliwa BMU, kikundi cha kusimamia ufukwe. Wapi wanawake wanaookota kaa na kombe kwa miguu? Wapi mama karanga anayenunua samaki wa asubuhi akakaanga jioni? Wapi mafundi wa madau? Hawa hawapo kwenye jedwali la fidia kwa sababu hawakuwepo kwenye jedwali la utafiti.

Na mwangalie jina la mtaalamu aliyeongoza tathmini. Lazima awe amesajiliwa na NEMA na leseni yake iwe hai. Ni ukaguzi mdogo, msiuache.

Ushahidi wa kwenu

Kupinga ripoti bila data ni sawa na kugombana na mizani. Daftari la BMU la samaki wanaoshushwa kila siku ni hazina. Kama halijazwi vizuri, anzeni leo. Piga picha za eneo lile lile, simu ikiwa imewashwa kuonyesha mahali ilipo, maji yakijaa na yakipwa, na andika tarehe. Taja miti kwa majina: mkoko, mkandaa, mchu, mlilana, muia, mkomafi. Afisa wa misitu atajua mara moja kwamba barua imeandikwa na watu wa hapo.

Taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, iko Mkomani, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor kwenyewe. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta eneo la utafiti ni rafiki mzuri. Kwa upande wa uchumi, mfano upo karibu: Ghuba ya Gazi, Kwale, ambako jamii imekuwa ikiuza hewa ya kaboni kupitia mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013. Huwezi kuambiwa kwamba mikoko iliyosimama haina faida wakati majirani wanachota maji na kununua vitabu vya shule kwa pesa zake.

Mkutano wa hadhara na ile karatasi ya mahudhurio

Hapa ndipo wakazi wengi hushindwa bila kujua. Kanuni ya 17 ya zile kanuni za tathmini za mwaka 2003 inamtaka mwenye mradi abandike matangazo karibu na eneo, atangaze gazetini na redioni, aitishe mikutano isiyopungua mitatu na walioathirika, na apeleke taarifa angalau wiki moja kabla, mahali na saa zinazowafaa watu. Pia awepo mtu wa kuandika maoni ya mdomo na ya maandishi, pamoja na tafsiri.

Mkutano wa saa nne asubuhi siku ya kazi, kwenye ukumbi wa hoteli, taarifa ikitolewa jana yake kwa simu ya mzee wa mtaa, haujatimiza hayo. Piga picha ya tangazo siku ile ulipoliona. Kama hapakuwa na tangazo, piga picha ya ukuta wa ofisi ya chifu usio na kitu, nao ni ushahidi.

Karatasi ya mahudhurio ikifika mkononi, usitie sahihi tu. Andika jina, kisha kando yake "NAPINGA" au "Nimehudhuria, sikubali mradi". Karatasi hiyo itaambatishwa kwenye ripoti kuonyesha kwamba jamii ilishirikishwa, na sahihi tupu husomwa kama ukimya wa kuridhia. Kabla haijachukuliwa, ipige picha. Nauli na soda mkipewa, kama mnapokea, msitie sahihi kwenye karatasi isiyo na kichwa cha habari. Mwekeni katibu wenu aandike kumbukumbu zake, na mkutano ukiisha zitumwe kwa NEMA ndani ya siku chache. Na asiwe msemaji mmoja. Mwenye mradi hupenda msemaji mmoja, kwa sababu ni rahisi kumwita pembeni.

Kesi ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa Lamu inafaa kujulikana kwa undani kidogo. NEMA ilitoa leseni Septemba 2016. Kikundi cha Save Lamu na wakazi wakakata rufaa, na tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira likaifuta. Mikutano ilikuwa imefanyika, hilo halikubishaniwa. Kilichouangusha mradi ni kwamba mikutano hiyo ilikuwa ya utangulizi, kabla utafiti haujakamilika. Ripoti yenyewe ilipokuwa tayari, watu hawakurudiwa ipasavyo wakaelezwa ilichogundua. Kwa hiyo daima ulizeni: je, tumeitwa baada ya utafiti, tukiwa na matokeo mkononi?

Barua ya pingamizi

Ipelekwe kwa Mkurugenzi Mkuu wa NEMA, nakala kwa ofisi ya NEMA ya kaunti, KFS, KWS na mwakilishi wadi wenu, ndani ya siku zilizotajwa. Kiswahili ni lugha rasmi kwa Kifungu cha 7 cha Katiba, msiogope kukitumia. Mkipata wa kutafsiri, ambatisheni na Kiingereza. Barua kumi zenye hoja kumi tofauti zina uzito kuliko nakala mia tatu za barua moja. Kila moja iwe fupi, kwa mfano:

*"Mimi ni mvuvi wa malema katika hori ya Tudor, mwanachama wa BMU. Napinga kutolewa leseni kwa mradi uliotangazwa katika Gazeti Rasmi, ilani nambari …, ya tarehe …. Ukurasa wa … wa ripoti unasema hakuna uvuvi ndani ya mita 500 za mradi. Naambatisha daftari la samaki walioshushwa kutoka eneo hilo kati ya Mei na Agosti, na picha nne. Utafiti ulifanywa Januari pekee. Naomba NEMA ikatae leseni, au iamuru utafiti wa kusi ufanywe na mkutano wa hadhara uitishwe baada yake."*

Ukurasa, kosa, ushahidi, ombi. Mwishoni ombeni rasmi kikao cha kusikiliza maoni ya umma, na mtaje kwamba mnataka kujulishwa uamuzi kwa maandishi. Sababu ya hilo la mwisho mtaiona hapo chini.

Wakati huo huo, kaunti ina kibali chake cha ujenzi na cha kubadilisha matumizi ya ardhi. Ikikiidhinisha, mwenye kuathirika ana siku 14 tu kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango ya ardhi. Siku 14 ni chache mno. Barua iandaliwe kabla uamuzi haujatoka. Bunge la Kaunti nalo linapokea malalamiko ya wananchi kwa sheria ya serikali za kaunti ya 2012. Halina nguvu ya kufuta leseni ya NEMA, lakini linaweza kuwaita maafisa wajibu hadharani.

Leseni ikitoka

Mna siku 60 za kukata rufaa kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira, NET. Msitegemee kuongezewa. Ndiyo maana mliomba kujulishwa, na ndiyo maana mtu wa Ijumaa hapumziki.

Jambo ambalo hata baadhi ya mawakili hulisahau: zamani rufaa ikifika tu mezani, kazi ilisimama yenyewe. Sheria ilibadilishwa. Sasa jopo *linaweza* kuamuru hali ibaki ilivyo, kwa hiyo pamoja na rufaa pelekeni ombi la dharura la kusimamisha kazi, mkieleza kitakachoharibika kabla kesi haijasikizwa. Mkoko uliokatwa haurudishwi na hukumu.

Mkiwa na hoja ya Katiba, kama haki ya mazingira safi katika Kifungu cha 42, au hatimiliki iliyomeza ardhi ya umma, njia ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iliyo na kituo Mombasa. Kifungu cha 70 hakidai uonyeshe kwamba wewe binafsi umepata hasara. Kuhusu gharama, Kituo Cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, kina ofisi Mombasa. Na mjiandae kwa mwendo mrefu: wakazi wa Owino Uhuru, pale Mikindani, walishinda kesi ya sumu ya risasi mwaka 2020, wakapokonywa ushindi na Mahakama ya Rufaa 2023, na Mahakama ya Juu ikawarudishia shilingi bilioni 1.3 Desemba 2024.

Barabarani na kwenye redio

Maandamano yanataka taarifa kwa kituo cha polisi kati ya siku 3 na 14 kabla. Yafanyeni wakati kuna uamuzi unaosubiriwa, si kwa hasira tu. Redio za Pwani zinasikizwa mitumbwini na jikoni kuliko gazeti lolote. Mpelekeni mama wa kaa, asipelekwe kila mara mwanaharakati yule yule. Na hewani chungeni ulimi. "Ripoti haina data ya kusi" haina wa kuishitaki. "Fulani amehonga" bila ushahidi itawaleta mahakamani nyinyi, na mtatumia pesa za mikoko kujitetea.

Pesa za kikundi ziwe na watia sahihi watatu na hesabu isomwe kila mwezi mbele ya watu. Vikundi vya namna hii huvunjwa na tetesi za nani amekula kuliko vinavyovunjwa na mwekezaji.

Mradi ukikataliwa, wekeni faili mahali pakavu, maana ombi linaweza kurudi kwa jina jipya la kampuni. Ukiruhusiwa licha ya yote, itisheni nakala ya leseni na masharti yake, mgawane masharti hayo kila mtu na lake: huyu saa za kuchimba, yule rangi ya maji, mwingine idadi ya miti iliyopandwa badala ya iliyokatwa. Sharti likivunjwa, andikieni NEMA mkiomba amri ya kurejesha mazingira chini ya Kifungu cha 108 cha EMCA, picha na saa vikiwa vimeambatishwa, na nakala yenu igongwe muhuri.